Gasketi na Jicho la Mama Mkwe

Gasketi yenyewe haigharimu sana. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii alinikatiza hapo kwa kuuliza, "Kwani gasketi ni pesa ngapi?" nami nikajikuta nikijibu kwa sauti ya chini kwamba dukani ni elfu tatu na kitu. Kinachogharimu ni kuifikia. Ni kipande chembamba cha bati kilichobanwa katikati ya injini, baina ya hedi iliyo juu na mwili wa injini ulio chini, na kazi yake ni kuzuia maji, oili na moto visikutane. Vikishakutana, fundi hana budi kuifungua injini, na fundi akishaifungua injini huanza kukuonyesha vitu.

Mimi nauza rangi za nyumba mjini Kisumu. Mteja akiniletea kipande cha plasta chenye ukubwa wa ukucha, namchanganyia ndoo nzima ya rangi ile ile, na akirudi kulalamika huwa amekosea yeye. Watu husema nina jicho. Sasa, wiki kadhaa kabla ya mambo haya, nilifungua kifuniko cha oili ya gari langu nikakuta ute mzito wa rangi ya krimu umeganda chini yake. Oili ya gari huwa ya kahawia au nyeusi, hilo halihitaji chuo. Mimi, bingwa wa rangi, niliitazama ile krimu, nikakumbuka hata ndoo yake iko rafu gani dukani, kisha nikafunga kifuniko nikaenda zangu.

Maji ya kupooza injini nayo yalikuwa yakipungua. Kila asubuhi niliongeza lita moja kwenye rejeta, baadaye mbili, na hata siku moja sikujiuliza yanakwenda wapi. Nilichukulia kwamba joto la Kisumu linalitia gari kiu kama linavyonitia mimi. Jirani mmoja, ambaye hana gari na hajawahi kuwa nalo, alinishauri nivunje yai bichi nilitie ndani ya rejeta, eti litaziba tundu lolote lililoko. Nilitia mawili, kwa usalama zaidi.

Katika hali hiyo ndipo nilipojitolea kumpeleka mama mkwe wangu hospitali.

Mama mkwe anaishi mbele ya Maseno, juu ya ule mlima unaoanza ukishapita Kisian. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Alikuwa amefika mahali pa kumsalimia ndama akidhani ni mjukuu. Mke wangu alikuwa akilala na hofu hiyo na kuamka nayo, na mimi, mwenye gari, nikasema gari lipo.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu sisi Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono, hamkai benchi moja, hamli mkitazamana. Vijana wa siku hizi hupiga picha wamemkumbatia mama mkwe, na mimi nikiziona hizo picha natafuta pa kuangalia. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumwambia mama yule neno uso kwa uso. Nikitaka kujua kama amelala salama, namwuliza mke wangu, "Mama amelala salama?" Na mama, akiwa amesimama papo hapo, anamjibu binti yake, "Mwambie nimelala." Ni utaratibu mzuri. Haujawahi kutuletea ugomvi hata mmoja.

Hospitalini nilikaa mwisho wa benchi nyingine kabisa. Muuguzi akaniita, "Baba, kuja umshike mama mkono, tunamwekea dawa ya macho." Nikainuka haraka nikaenda nje, kana kwamba nimeitwa na mtu mwingine huko. Mke wangu ndiye aliyeshika mkono. Niliporudi, daktari alikuwa akieleza kwamba jicho la kulia lifanyiwe upasuaji kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu likikawia zaidi huenda lisirudi. La kushoto litasubiri. Sehemu ya malipo ingetoka kwenye bima, sehemu ingekuwa yetu. Pesa zetu zilikuwepo, nilikuwa nazo kwenye akaunti ya duka. Niliutazama ukuta, nikauambia ukuta kwa sauti ya kutosha watu wote, "Hilo la jicho niachieni mimi."

Mama mkwe akamwambia binti yake, "Mwambie Mungu ambariki." Nilijisikia mrefu.

Kabla ya kutoka mjini tulipita sokoni mama akanunua mchele wa Ahero, nusu gunia, tukaupakia kwenye buti juu ya mtungi wangu wa maji. Mke wangu aliketi mbele na kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza wa barabara alikuwa amelala. Mama akaketi nyuma. Kwa heshima nilikuwa nimekigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, nisije nikakutana na uso wake humo. Kwa hiyo sikuona kitu chochote kilichokuwa nyuma yangu.

Tulipofika Kisian mshale wa joto ulikuwa umepita katikati. Tulipoanza kupanda mlima ukapanda nao. Mtu mwenye akili husimama, anazima injini, anangoja. Nilijua hivyo. Lakini kusimama maana yake nitoke nje, nifungue boneti, mvuke unirukie usoni, nivue shati, niuburure mchele wake hadi kwenye nyasi ili niufikie mtungi wa maji, na yote hayo mbele ya mama mkwe ambaye ameshawatangazia majirani kwamba ana mkwe mwenye gari. Nikaamua kuendelea. Siwezi kuuita ule uamuzi jina lingine. Nilizima redio, nikidhani huenda inasaidia, nikainama mbele kidogo kulipunguzia gari uzito.

Harufu ilikuja, tamu tamu, kama ya sufuria ya uji iliyosahauliwa. Moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nyuma yangu kimya. Injini ikagonga mara kadhaa, ikakohoa, ikazimika yenyewe, na gari likasimama katikati ya mlima likiwa limezungukwa na wingu letu wenyewe.

Mke wangu akaamka. "Tumefika?"

Sauti ya mama ikasikika nyuma, ya upole kabisa, akimwita binti yake mwanangu kwa Kijaluo. "Nyathina, mwambie huo moshi nimeuona toka kule chini. Nilidhani ni macho yangu."

"Sasa mama, si ungesema!"

"Na harufu niliisikia toka Kisian. Lakini mimi nitamwambiaje mkwe kwamba gari lake linanuka?"

Basi ndivyo injini yangu ilivyokufa. Kulikuwa na watu wawili macho ndani ya gari, kila mmoja anajua, kila mmoja ananyamaza kwa ajili ya heshima ya mwenzake, na wa tatu amelala. Mama mkwe alimaliza safari kwa boda boda, mchele ukiwa mbele ya dereva juu ya tangi. Mimi nilivutwa kurudi mjini kwa kamba, nyuma ya pikapu ya kubeba viazi.

Fundi wangu yuko Manyatta, kwenye uwanja wenye magari mengi ambayo sijawahi kuona hata moja likitoka. Ni mtu wa maneno mengi na hapendi kukisia chini. Alifungua kifuniko cha rejeta, akatazama, akawaita mafundi wenzake watatu waje.

"Mzee wa Rangi, nani aliweka breakfast hapa ndani?"

Yale mayai yalikuwa yameiva vizuri. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Si unibadilishie tu gasketi?" nilisema, nikijaribu kurudisha hadhi.

"Gasket ni kitu kidogo, Mzee. Shida ni head. Hii imepika mpaka imebend. Lazima iende skimming. Na ukifungua head huwezi rudisha bolts za zamani, hiyo ni kujidanganya. Water pump nayo imeenda. Rejeta imejaa omelette."

Kila siku nilipopita alikuwa amegundua kitu kipya. Gharama aliyoitaja ilianza kwenye elfu ishirini, nikashtuka. Ikafika thelathini na tano, nikakasirika. Ilipokaribia sitini nilikuwa nimeshazoea, nikaanza hata kumtetea fundi kwa watu: kwamba hedi lazima inyooshwe kwa mashine, kwamba oili na maji ya rejeta lazima viwe vipya, kwamba kazi ya siku nne si kazi ya bure. Nilikuwa nasema "skimming" mbele ya wateja wa rangi kana kwamba nimesomea.

Nililipa. Nililipa kutoka akaunti ya duka, zile pesa za jicho.

Jioni nilimweleza mke wangu, na hoja yangu naiandika hapa kama nilivyoitoa, kwa sababu niliiandaa njia nzima na nilidhani haina tundu. Nilisema: mama anatakiwa kufika hospitali. Hospitali iko mbali. Bila gari hatafika. Kwa hiyo kulitengeneza gari ni sehemu ya matibabu ya jicho.

Mke wangu aliweka mwiko chini. "Kwa hivyo utampeleka hospitali kwa gari lako zuri, na akifika huko atafanya nini? Atawasalimia wauguzi?"

Nilimwambia kuna mkandarasi aliyeniahidi kununua rangi ya jengo la ghorofa tatu, pesa zitarudi kabla ya siku ya jicho. Mvua ikaanza wiki ile ile. Hakuna mtu anayepaka nyumba nje mvua ikinyesha, na muuza rangi ndiye wa kwanza kulijua hilo. Mkandarasi akaacha kupokea simu zangu. Siku ya upasuaji ikawa inakuja, na nilipokuwa nikifunga duka jioni nilijikuta nikiombea jicho la mtu mwingine livumilie kwa sababu yangu. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiiandika inanipasha masikio moto.

Ndipo pesa zikaingia, tena si kwangu. Ziliingia kwenye simu ya mke wangu, zikitoka kwa mama yake, zikifuatwa na simu. Mama alikuwa ameuza mtamba. Alisema hajapata usingizi tangu ile siku ya mlima. Kama angesema neno moja pale Kisian, gari la mkwe lisingekufa. Na mchele ule nao ulikuwa mzito. Kwa hiyo ameuza mtamba ili mkwe anunue hiyo kitu iliyoungua, na isiongelewe tena.

Mke wangu alianza kulia, kisha akaanza kucheka, kisha akaniangalia akaona nimeganda.

Mtamba huyo nilimfahamu. Yaani nilimfahamu mama yake. Alikuwa mtoto wa ng'ombe niliyempeleka mimi mwenyewe kwao siku ya mahari, nikiwa nimevaa suti ya kuazima. Na kwetu ng'ombe wa mahari harudi. Akirudi kwa mkwe, kwa miguu yake au kwa njia ya simu, wazee wana maana moja tu ya jambo hilo: ndoa imekwisha, kila mtu achukue chake. Nilikuwa nimeoa miaka yote hii bila doa, na sasa nilikuwa karibu kupewa talaka kwa ajili ya gasketi.

Nilimpigia kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye kujua mambo haya nyumbani. Nilimweleza yote, isipokuwa mayai.

"Omera, ndugu yangu, umezigusa hizo pesa?" aliuliza.

"Ziko kwa simu ya mke wangu."

"Usiziguse. Ukizigusa tu, umerudishiwa ng'ombe. Hata gari lenyewe utaliendeshaje? Kila ukiliwasha utakuwa umekalia mahari."

"Na zikirudishwa kwa mama?"

"Umemtukana. Ametoa kwa roho safi, wewe unamrushia."

"Sasa tufanye nini?"

Kaka akafikiri. Nilisikia akinywa chai. "Ni za mama yake mke wako. Zimtibu mama yake mke wako. Ng'ombe akitumika kwao, hajatoka kwao. Wewe kaa mbali."

Nikakata simu nikamgeukia mke wangu nimweleze uamuzi wa wazee. Alikuwa ameshazituma hospitali. Alikuwa amezituma kabla sijamaliza kumsalimu kaka.

"Mama asiambiwe mpaka apone," alisema. "Akijua zile za jicho uliziweka kwa gari, atasema jicho lingoje, gari ni la maana. Namjua. Utamwambia wewe mwenyewe, baadaye."

"Nitamwambia kupitia kwako."

"Mimi simo," alisema, akaenda kulala.

Siku ilipofika gari lilipanda ule mlima likiimba. Mshale wa joto haukutikisika. Nilimchukua mama asubuhi, nikamfikisha mjini, na njia nzima nilisikia injini ikinung'unika vizuri, bei yake yote, nikashindwa kuifurahia. Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko kubadilisha oili. Alilala kwetu, chumba cha watoto, na mimi nikala chakula changu dukani kwa heshima. Kesho yake walimfungua bandeji.

Sikuwepo. Nilikuwa nje, kwenye maegesho. Mke wangu alisema mama alizungusha kichwa akitazama kuta, halafu akamwuliza muuguzi kwa nini hospitali imeacha kuta zake zichafuke hivyo, na mkwe wake anauza rangi.

Tulimrudisha nyumbani mchana. Aliangalia nje ya dirisha njia nzima, akitaja vitu: mbuzi, mabati mapya ya fulani, mtoto mwenye sare ya shule. Tulipofika kwake nikadhani kazi imekwisha. Nikashusha mkoba wake, nikauweka mbali kidogo naye kama inavyopasa, nikaelekea kwenye mlango wa gari.

"Nyathina," mama alimwambia mke wangu, "mwambie afungue hapo mbele. Nataka kuona kile nilichonunua."

Mke wangu alinitazama. Alisogea pembeni na kuanza kuikagua migomba.

Nikafungua boneti. Mama akaja, akasimama upande wa pili wa injini, akainama. Alitazama kwa makini, na mimi nikatazama kule alikokuwa akitazama. Gasketi haionekani. Hilo ndilo jambo la kuudhi kuhusu gasketi: unalipa yote yale na hupati hata kitu cha kumwonyesha mgeni. Kulikuwa na vyuma, mipira, vumbi la wiki mbili.

"Iko wapi?" aliuliza. Alimwuliza mke wangu, lakini mke wangu alikuwa amefika kwenye migomba ya mwisho.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kupitishia.

"Mama," nilisema. Alishtuka, nami nikashtuka kwa kusikia sauti yangu ikienda moja kwa moja. "Ng'ombe wako hayumo humu."

Akainua kichwa kutoka kwenye injini.

"Pesa za jicho lako ndizo nilizolipia hili gari. Zilikuwa zimekwisha kabla hujauza. Ng'ombe wako ndiye aliyelipa jicho. Huyo unayemtumia sasa hivi kutazama, ndiye yeye."

Upepo ulikuwa ukitingisha majani ya migomba. Mama mkwe akainua kiganja, akafunika jicho la kushoto, lile la zamani. Kwa jicho lililobaki akaitazama injini tena, kipande kwa kipande. Halafu akanitazama mimi, kuanzia kichwani mpaka viatuni na kurudi juu. Mwanamke wa kwetu hamtazami mkwe wake namna ile. Sikujua niiweke wapi mikono.

"Basi ni ng'ombe mzuri," alisema, na alikuwa akiniambia mimi. "Nakuona vizuri, mpaka aibu."

Akashusha kiganja. Aligeuka kuelekea nyumbani, akapiga hatua chache, akasimama bila kugeuza kichwa.

"Na hili la kushoto, sina mtamba mwingine. Utauza gari."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Niliuza gari kabla ya mwaka kuisha. Mnunuzi alikuja na fundi wake, wakaliwasha, wakafungua kifuniko cha oili, wakakipangusa kwa kidole, wakalisikiliza muda mrefu. Fundi yule akasema anaona kabisa kwamba hili gari lilikuwa na mwenyewe, mtu mwangalifu, na kwa injini kama hiyo hawakubishana sana bei. Pesa zilitosha jicho la kushoto, zikabaki kidogo. Siku hizi nafika dukani kwa boda boda, na mama mkwe akija mjini ananiona kutoka ng'ambo ya barabara kabla sijamwona, ananiita mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu.